Namna ya kusoma riwaya kubwa za tamaa na majuto, ukazimaliza na zikakukaa

Naanza na kitu ambacho wengi hawapendi kuambiwa: Emma wa Madame Bovary anakufa kwa sumu, Anna Karenina anajitupa chini ya treni, na Rosa wa Rosa Mistika naye anajiua. Nimekwambia mapema makusudi, ili usisome kwa kukimbilia mwisho. Hivi vitabu havikuandikwa ukae unajiuliza atakufa au hafi, vimeandikwa uone mtu mzima mwenye akili zake anafikaje pale, leo kajiruhusu kitu kidogo, kesho kingine, mpaka siku anageuka nyuma anakuta njia ya kurudi haipo. Ukishaanza kuvisoma hivyo, zile kurasa zilizokuwa zinakuchosha ndo zinaanza kukutisha.

Na kama wewe mwenyewe sasa hivi unapita kipindi kizito, mawazo mabaya yanakuja kuja, weka kwanza pembeni, au soma na mtu unayemwamini mkawa mnaongea kila mnapofika. Vitabu vipo tu, havikimbii, unaweza kuvirudia ukiwa na nguvu.

Uanze na kipi

Kama Kiswahili ndo lugha unayoota nayo, anza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1971, stori inaanzia Ukerewe, kisiwani kwa mwandishi mwenyewe. Ni fupi, majina huhangaiki nayo, mila unazijua, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye jambo moja tu, kumwangalia Rosa. Kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na ukisoma utaelewa watu waliogopa nini, maana Kezilahabi hazungukizunguki, anasema mambo ya mwili waziwazi. Ila usiishie hapo kwenye mambo ya mwili. Angalia Zakaria, baba yake Rosa, anavyompiga binti kwa sababu ya barua ya mvulana, halafu jiulize huyu binti alifundishwa lini kuongea na mwanaume bila kuogopa. Hakufundishwa. Alifungiwa, na siku alipofunguliwa hakuwa na kipimo. Beba swali hilo la nani mwenye kosa mpaka mwisho kabisa, kwa sababu kesi yenyewe Kezilahabi haifungi pale watu wanapokufa, anaipeleka mpaka mbele ya Mungu.

Baada ya hapo nenda Madame Bovary ya Mfaransa Flaubert, sura 35 tu, alaf ndo Anna Karenina ya Mrusi Tolstoy, ambayo ni sehemu 8 na mzigo wa kweli. Usianze na Karenina kwa sababu umeona filamu yake, wengi wameishia hapo. Tafsiri za zamani za Kiingereza unazipata bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, ya Bovary ni ya Eleanor Marx-Aveling, binti yake Karl Marx, ya mwaka 1886, na ya Karenina ni ya Constance Garnett, 1901. Unapakua mara moja tu, bando halihusiki tena, unasoma hata ukiwa sehemu hamna mtandao. Kiingereza chake kina uzee kidogo ila sio kigumu, ukikutana na neno hulijui lipite, likirudi mara tatu ndo ulitafute. Kwenye simu kuza herufi, na usisome zaidi ya sura 3 au 4 kwa siku. Sura za Karenina nyingi ni fupi, moja inaisha kabla daladala haijatoka kwenye foleni.

Bovary: soma na daftari la madeni

Kitabu kinaanza na mume, sio mke. Charles yupo shule, mgeni darasani, kofia yake ya ajabu, watoto wanamcheka. Watu wanakereka hapa wanasema mbona Emma hayupo. Vumilia, hiyo sura ina kazi, inakuonyesha mwanaume mpole, mzito, asiye na makuu, ambaye atampenda huyu mwanamke mpaka kufa na hatamwelewa hata siku moja. Ukimdharau Charles kwenye sura ya 1 utakuja kuumia sura ya mwisho.

Sasa chukua daftari, la shule tu linatosha, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika Emma anataka nini. Upande wa pili andika imegharimu shilingi ngapi, yaani fransi, hela ya Wafaransa ya wakati ule. Nakuhakikishia hii ndo njia niliyoona inafungua kitabu kuliko zote, maana watu wanakisoma kama stori ya michepuko, na michepuko ipo kweli, wawili, Rodolphe na Léon, ila kinachommaliza Emma ni deni. Kuna muuza vitambaa anaitwa Lheureux. Sisi huyu tunamjua kabisa, ndo yule anayekuja mlangoni na vitenge vya mali kauli, chukua tu dada, utalipa taratibu, mimi na wewe tutashindwana wapi. Na ukimwangalia anavyoendelea mbele, utaona ni kausha damu kamili.

Siku ya kwanza Lheureux anamwekea Emma mitandio mezani, Emma anakataa. Hanunui kitu. Akiondoka Emma anajisifu moyoni jinsi alivyokuwa na busara. Liandike hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu, kwa sababu fransi ni sifuri lakini hatua imeshapigwa, mitandio ameiona, na muuzaji ameona macho yake, tena kabla ya kutoka ameshadokeza kwamba hela kwake sio shida. Baadae Léon anahama, Emma anabaki na majonzi na anaona kwa jinsi alivyojinyima basi anastahili kujipooza, ananunua kigoda cha kupigia magoti kusalia, na ndani ya mwezi mmoja anatumia fransi 14 za malimao ya kusafishia kucha tu. Fransi 14. Uishike hiyo namba.

Kisha unafika sehemu ya 2 sura ya 8, maonyesho ya kilimo pale Yonville, kamji anakoishi Emma, na hapa nakuomba usome mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili polepole ukisoma kwa sauti kama upo peke yako. Rodolphe amempandisha Emma ghorofani kwenye ofisi za serikali ya mji, wamekaa dirishani, anamtongoza. Chini uwanjani viongozi wanatoa hotuba na kugawa zawadi. Flaubert anazisuka sauti mbili pamoja, ya juu na ya chini, Rodolphe anatoa neno tamu la mapenzi, chini inatangazwa zawadi ya mbolea. Anaendelea, chini nguruwe. Mwandishi haongezi neno lolote la kukwambia huyu mwanaume ni muongo, samadi imeshasema. Na mwishoni anaitwa bibi mmoja mfanyakazi wa shambani, Catherine Leroux, anapewa medali ya fedha ya thamani ya fransi 25 kwa sababu ametumikia shamba moja miaka 54. Mikono yake imeelezwa pale, imekakamaa kwa kazi kiasi kwamba haifungi vizuri. Rudi kwenye daftari lako, miaka 54, fransi 25, malimao ya mwezi mmoja, fransi 14. Mi nilipoziweka hizo namba mbili jirani niliacha kusoma nikakaa kimya muda mrefu. Simaanishi umchukie Emma, hapana, naye kafungiwa kwenye maisha ambayo hayana mlango, mwanamke wa wakati ule anafanya nini peke yake? Lakini hamu yake ina bei, na bei analipa pia mtu ambaye hayupo kwenye ndoto.

Endelea kuandika. Bili ya fransi 270 inakuja kwa sababu ya zawadi za kumpa Rodolphe. Joho la safari na sanduku, maana wamepanga kutoroka pamoja. Rodolphe anamwandikia barua ya kumuacha, na akimaliza anachovya kidole kwenye glasi ya maji anadondosha tone juu ya karatasi ili lionekane chozi, alaf barua anaituma chini ya kapu la matunda. Hapo ukijisikia kutupa kitabu ni sawa, kiokote baada ya nusu saa. Kutoka hapo karatasi za kusaini zinazaana, Emma anapata hati ya kusimamia mali za mume, deni moja linalipa jingine, mpaka mahakama inadai fransi 8,000 ndani ya masaa 24. Siku hiyo ya mwisho anavyohangaika nyumba hadi nyumba akiomba hela, mmoja anataka mwili wake kwanza, mwingine anasema sina, isome yote kikao kimoja, usiikate.

Jambo moja la historia litakusaidia kukisoma vizuri. Kitabu kilitoka vipande vipande kwenye jarida la Paris mwaka 1856, na Januari 1857 Flaubert akaburuzwa mahakamani kwa kosa la kuharibu maadili na dini. Mwendesha mashtaka Ernest Pinard alilalamika jambo ambalo mi naona aliliona sawasawa kabisa, kwamba ndani ya kitabu chote hamna mtu hata mmoja mwenye haki ya kumhukumu huyu mwanamke. Padri? Hana muda naye. Mfamasia Homais? Anajipenda mwenyewe. Mume? Anasamehe. Tarehe 7 Februari Flaubert aliachiwa. Sasa hicho Pinard alichokiona kuwa kosa, wewe kichukue kama maelekezo ya kusoma: kiti cha hakimu kipo wazi, na utasikia hamu kubwa ya kukikalia, usikalie bado.

Karenina: kwanza majina

Hapa ndo wengi wanafia, na ni bure kabisa, kwa sababu sisi watu wa huku tuna ufunguo tayari. Warusi wanataja jina la mtu na la baba yake. Anna Arkadyevna ni Anna binti Arkady. Stepan Arkadyevich ni Stepan bin Arkady. Umeona? Ndugu, baba mmoja, hata hujaambiwa. Ukianza kusoma kichwani kwa bin na binti, nusu ya shida imeisha. Nusu nyingine ni majina ya nyumbani, andika kwenye karatasi uifanye alama ya kitabu: Stiva ni Stepan, Dolly ni mke wake Darya, Kitty ni mdogo wake Dolly, Kostya ni Levin. Na tahadhari, mume wa Anna na mpenzi wa Anna wote wanaitwa Alexei, Alexei bin Alexander ni Karenin mume, Alexei bin Kirill ni Vronsky. Usidhani ni uzembe wa Tolstoy. Anna mwenyewe akiwa mahututi baada ya kujifungua anaweweseka kuhusu hilo, kwamba ni jambo la kutisha wote wawili kuwa Alexei.

Huku usiweke daftari la hela, weka la hatua ndogo. Ninayoipenda mimi ni ya masikio. Anna amerudi Petersburg kutoka Moscow, ambako amekutana na Vronsky, hajafanya lolote, anashuka kwenye treni anamwona mume wake amekuja kumpokea, na kitu cha kwanza kinachomjia ni masikio yake, mbona yako hivi. Ameishi na hayo masikio miaka, leo ndo anayaona. Hakuna busu, hakuna barua, ni masikio tu, na ndoa imeshaanza kufa. Aliyewahi kumchoka mtu anajua hiki kitu kilivyo cha kweli.

Kingine cha kufuatilia ni Stiva. Kitabu kinafunguka yeye amefumaniwa na aliyekuwa mwalimu Mfaransa wa watoto wake, nyumba imepinduka, na anayekuja kumuombea msamaha kwa mkewe ni dada yake, ndiye Anna mwenyewe. Stiva anasamehewa, anaendelea kula chaza na kucheka mpaka sehemu ya mwisho. Anna anafanya kosa lilelile, anafungiwa milango. Kuna usiku anakwenda opera Petersburg na anadhalilishwa mbele za watu, wakati Vronsky anaingia popote anapotaka. Kila Stiva anapotokea akiwa na furaha weka alama, alaf linganisha Anna yuko wapi wakati huo. Tolstoy hakuhubiri hilo, kaliweka tu jirani. Na sheria nayo ilikuwa hivi, talaka ilikuwa mikononi mwa Kanisa, uzinzi uthibitishwe, na aliyeonekana mkosaji haruhusiwi kuoa au kuolewa tena. Bila kulijua hilo utaendelea kuuliza kwa nini asipewe talaka waoane yaishe.

Levin usimruke. Najua inavutia kuruka, huyu bwana na mashamba yake na wakulima walioachiwa huru 1861 na maswali yake kuhusu Mungu. Ila yeye naye ana tamaa, anamtamani Kitty mpaka anaumwa, anakataliwa, na namna anavyokaa na hiyo tamaa ndo upande wa pili wa mzani wa Anna. Sehemu ya 3 kuna siku anakata nyasi na wakulima kutwa nzima mpaka anasahau kama yupo, soma hiyo ukiwa umechoka na kazi, utaipata. Kama kweli huna muda, pitisha haraka uchaguzi wa wakubwa wa mkoa kule sehemu ya 6, mi mwenyewe huwa napitisha, lakini sio Levin mzima.

Na sura mbili ambazo lazima uwe umekaa peke yako: siku ya kuzaliwa ya Seryozha, mtoto wa Anna, kule sehemu ya 5. Amekatazwa kumwona mwanae, ameambiwa mtoto kaelezwa mama amekufa. Anaingia asubuhi kama mwizi kwenye nyumba iliyokuwa yake, anamkuta kitandani, dakika chache, mume anakuja, anakimbia. Jana yake alizunguka dukani kumchagulia midoli kwa mapenzi na uchungu wote. Hakupata hata muda wa kuifungua, amerudi nayo hotelini. Mimi ni mzazi, hapo siwezi kuongeza kitu.

Kuhusu kuhukumu

Mwanzoni kabisa mwa Karenina kuna mstari wa Biblia, Warumi 12:19, kisasi ni changu mimi nitalipa. Wasomaji wanagombana miaka yote kama Tolstoy alimaanisha Anna kastahili au alimaanisha nyie watu ondoeni mikono yenu. Mi nipo upande wa pili, na sababu yangu ni namna alivyoandika. Kwenye rasimu za mwanzo huyu mwanamke hakuwa wa kuvutia wala wa kuhurumiwa, alivyozidi kuandika akazidi kumpenda. Stori yenyewe ina mzizi wa kweli, Januari 1872 mwanamke anayeitwa Anna Pirogova, aliyeachwa na mwanaume aliyekuwa jirani wa Tolstoy, alijitupa kwenye treni karibu na hapo, na Tolstoy alikwenda kuuona mwili. Mtu aliyeona vile hakai chini miaka kuandika ili aseme tu alikoma.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila ukisikia unataka kusema "mwanamke huyu mjinga", simama, andika pembeni ni kwenye ukurasa gani hasa wewe ungegeuka na kurudi. Ukurasa, sio wazo la jumla. Mara nyingi utajikuta unarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mahali ambapo hakuna hata dhambi iliyofanyika. Sisi tunaosoma pamoja tupo watano, kila Jumapili usiku kila mtu anatuma voisi WhatsApp ya dakika 2 na lazima ataje ukurasa wake, hakuna kuhubiri. Mwanzoni wanaume walikuwa wanamshambulia Emma wote kwa pamoja, kufika kwenye maonyesho ya kilimo kelele zikapungua, na voisi za wiki ile ya deni zilikuwa za watu wanaoongelea maisha yao.

Ukifika mwisho wa sehemu ya 7 Anna ameondoka, usifunge kitabu. Sehemu ya 8 ipo, na wakati kitabu kinatoka kwa vipande kati ya 1875 na 1877 mhariri Katkov alikataa kuichapa kwa sababu hakukubaliana na Tolstoy kuhusu watu wa kujitolea waliokuwa wanakwenda vitani Serbia, Tolstoy akaitoa mwenyewe pembeni. Isome. Vronsky yupo kituoni anaumwa jino, anakwenda vitani kutafuta kufa, na Levin bado anatafuta namna ya kuishi.

Alaf pumzika wiki moja, na urudi sehemu ya 1 sura ya 18. Ni kituo cha treni Moscow, siku Anna na Vronsky wanakutana mara ya kwanza. Mlinzi wa reli amekanyagwa, ama alikuwa amelewa ama alijifunika sana kwa baridi hakusikia treni ikirudi nyuma. Anna anauliza kama hakuna la kumsaidia mjane. Vronsky anatoka kimya, anakwenda kutoa rubo 200, hela ya Kirusi. Kisha pitiliza mpaka sura ya 20, Anna amekaa na Kitty, binti aliyempenda Vronsky, anamsimulia safari, anamsifia huyo kijana kwa kila kitu alichosikia kutoka kwa mama yake Vronsky. Ila zile rubo 200 hamtajii. Mwandishi anasema tu kwamba kuzikumbuka hakukumpendeza, kuna kitu ndani yake kilichomhusu yeye, kitu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Mara ya kwanza utakuwa ulipita hapo bila kuona. Sasa angalia ni ukurasa wa ngapi, uandike kwenye daftari, namba 1.